Nyuzi Joto Ishirini na Mbili

Fundi aliruka meza ya sukuma wiki, akatua upande wa pili, akazidisha mbio.

Nangila hakuruka. Aliizunguka.

Tangu langoni mwa soko la Jericho alikuwa amekwisha kumpima mtu wake. Miaka arobaini na kitu. Mguu wa kulia unachechemea kidogo. Na begani begi la vyombo vya kazi, kilo kumi au zaidi, ambalo hakutaka kuliacha hata roho ikimtoka. Kwa mzigo ule hangefika Jogoo Road.

"Mwizi!" mama wa nyanya akapaza sauti.

"Si mwizi, mathe! Ni karao anasaka mtu!" kijana wa kushona viatu akamjibu, akavuta miguu yake ndani wasije wakamkanyaga.

Fundi alikata kona kwenye bomba la maji. Pale chini palitapakaa maganda ya kabichi. Akateleza. Magoti, viwiko, kidevu. Spana zikamwagika kwenye matope.

Alipojaribu kuinuka, kiatu kilikuwa tayari juu ya mkono wake.

"Gordon Akech," Nangila alisema. Hata kuhema hakuhema.

"Sijui chochote, madam. Haki ya Mungu sijui chochote."

"Sijakuuliza chochote."

Peugeot 504 nyeupe ilirudi kinyumenyume hadi bombani, ikawatawanya wanawake wenye ndoo. Mativo, dereva wake, alifungua mlango wa nyuma bila kuzima injini. Nangila alimwinua fundi kwa ukosi wa koti, akamsukuma ndani. Kisha akainama, akaziokota spana moja moja, akazirudisha begini.

Angezihitaji.

Saa mbili kasoro dakika kumi, asubuhi ya Jumanne, Julai 1994. Mawingu yalikuwa yameketi juu ya mapaa ya Eastlands kama blanketi lililoloa, na watu walitembea wamejikunyata. Redio ya Motorola ikakwaruza chini ya kiti.

"Kijiti, hapa Mlima."

"Nakusikia, Mlima."

"Fundi?"

"Yuko nami."

"Una hadi saa nne. Hakuna kuahirisha. Nimewauliza wakubwa mara mbili."

"Sawa, Mzee."

Mlima alikuwa Mulwa, mkubwa wake katika Idara ya Usalama, mtu aliyeongea kana kwamba kila neno linakatwa kwenye mshahara wake. Kijiti alikuwa yeye, Nangila Wekulo, mwenye miaka thelathini na minne, binti wa karani wa reli kutoka Bungoma. Majirani zake walimjua kama mkaguzi wa mita za maji wa baraza la jiji. Kiunoni, chini ya sweta ya kijani ya kufumwa kwa mkono, alikuwa na bastola ya Browning yenye kiwambo cha kuzuia sauti.

Huko Ziwani kulikuwa na ukumbi wa zamani. Enzi za mkoloni lilikuwa banda la kukaushia sufu. Baadaye wamishonari wakalinunua, na kwa kuwa walitoka nchi za baridi, wakaliwekea tanuri la gesi ndani ya mfereji wa bati. Feni husukuma hewa, hewa hupita juu ya tanuri, ikatoka ukumbini ikiwa na joto. Saa nne asubuhi ile wazee kumi na tisa wa nchi jirani wangeingia humo kwa siri kupatana. Pande mbili zilizochinjana kwa miaka sita. Ziwani palichaguliwa kwa sababu hakuna mwandishi wa habari ambaye angewaza kuwatafuta huko. Madirisha yalipigiliwa mbao. Na wazee wale, waliozaliwa katika jua kali, walikuwa wameomba jambo moja tu.

Joto.

Jumapili asubuhi, bawabu mmoja aliyeitwa Willis alikutwa amekufa ndani ya ghala tupu huko Mbotela. Ameketi kitini, mikono mapajani, hana hata mkwaruzo. Askari wa kituo waliandika kwamba alikunywa pombe ya chang'aa. Nangila alifika, akamfunua kope kwa kidole gumba. Nyama ya ndani ilikuwa nyekundu, nyekundu ya mtu mwenye afya njema. Akajua. Ile gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka pale moto unapokosa pa kupumulia, humpaka maiti wake rangi ya uhai. Kwenye kona ya ghala palikuwa na tanuri dogo jipya, na juu ya vali yake kadi yenye herufi mbili za fundi aliyeifunga.

G.A.

Kwenye gari alimtupia Gordon picha mapajani. Ilikuwa ya Willis, ameketi kitini.

Gordon aliitazama mara moja, akaifunika kwa kiganja.

"Tulikunywa naye chai," alisema. "Jumamosi. Alinishikia ngazi."

"Nani alikulipa?"

"Mzungu. Ostrander. Anauza mitambo ya joto, ana kadi na kila kitu. Alisema ghala la Mbotela ni la kujaribia tanuri la kukaushia nafaka. Nilifunga nikaenda zangu nyumbani. Yeye ndiye alimwambia Willis alale ndani, kuna joto. Madam, mimi sikujua."

"Na Ziwani?"

Mativo alikanyaga breki, akapisha mkokoteni, akaendelea.

"Na Ziwani, Gordon?"

"Jumapili, mchana. Alinipeleka Ziwani. Nikabadilisha vali ya gesi na swichi ya kikomo. Ile inayozima moto tanuri likipitisha kiasi. Alisema za zamani zimechoka. Jioni nikasikia Willis amekufa. Ndiyo maana nimekimbia. Nina mke, nina msichana wa sekondari. Nikasema hapa nitawekwa ndani mimi."

"Twende ukarudishe ulichokitoa."

Lilikuwa tanuri la kijivu, refu kama jeneza, limeshikiliwa na vyuma ndani ya chumba kidogo nyuma ya ukumbi. Mafundi wawili wa Idara walikwisha kulikagua alfajiri. Waliliwasha dakika kumi, likawaka vizuri, likazimwa. Hawakuona kasoro.

Gordon aliiona kabla hajaweka begi chini. Na alipoiona, Nangila alishuhudia mtu akibadilika. Woga ulimtoka. Akawa fundi.

"Ona hapa," alisema, akigonga kwa bisibisi. "Swichi ya kikomo ipo, lakini ndani imeungwa waya. Haiwezi kukata kitu. Na vali hii inapitisha gesi mara mbili ya kiasi. Mtu akinipa hii mpya kwenye boksi, bila mimi kushuku, kwa macho siijui. Lakini ukisikia mlio wa moto..." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa na haraka. Sikusikiliza."

Za zamani zilikuwa zimetupwa kwenye debe la takataka pale pale nje. Alizifuta kwa shati lake, akazifunga. Akapaka sabuni kwenye viungio, akatazama kama patatoka povu. Hapakutoka. Akawasha mwali mdogo, kisha moto mkubwa. Rangi ya buluu, safi.

Saa mbili na dakika ishirini na tano.

"Sasa ni salama?" Nangila aliuliza.

"Salama kabisa. Hata mtoto wangu ningemlaza humu."

"Mtoto wako yuko shuleni," Nangila alisema. "Wewe upo."

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alicheka kidogo, akajipangusa mikono. Alikuwa na hakika na kazi yake.

"Nikae ndani?"

"Ukae ndani. Kama kazi imekwisha, utaota moto na kutoka."

Aliingia mwenyewe. Akachagua kiti cha mbele, begi katikati ya miguu. Nangila alifunga mlango mzito wa mbao kwa nje, akashusha komeo. Mlangoni palikuwa na kioo kidogo cha mraba, na chini yake tundu la ufunguo. Alitoa mfukoni kijipampu cha Dräger cha kupimia sumu hewani, akavunja ncha za kichupa cheupe, akakipachika, akaingiza ncha kwenye tundu.

Mativo alipanda paa la nyumba ya jirani na redio yake.

Ukutani, karibu na Gordon, palikuwa na themostati mpya. Kijiboksi cha rangi ya maziwa chenye gurudumu la namba, cha kuzima moto joto likitosha. Imewekwa ishirini na mbili.

Dakika tano. Nyuzi joto kumi na tano.

Dakika kumi na mbili. Kumi na nane.

"Tanuri zuri hili, madam," Gordon alisema kupitia mlango. "Waliolileta walijua kazi." Alivua koti. Akaanza kusimulia juu ya binti yake Mourine, anataka kuwa nesi, hesabu zinamshinda. Nangila alivuta pampu. Kichupa kilibaki cheupe.

Dakika ishirini na sita. Ishirini na mbili.

Tik.

Themostati ililia. Moto ulipaswa kuzimika.

Feni iliendelea. Hewa moto iliendelea kutoka kwenye matundu ya dari, ikipeperusha karatasi iliyokuwa mezani.

Gordon aliinua kichwa. "Haijazima."

Alikwenda ukutani, akazungusha gurudumu hadi kumi. Akangoja, sikio juu, kama mtu anayesikiliza injini ya gari lake. Hakuna kilichobadilika.

"Themostati inasema imezima, lakini moto unawaka. Hii nani aliifunga? Mimi sikuigusa hii."

Redio ikakwaruza. "Kijiti, Mativo. Ule mvuke juu ya bomba la moshi umekatika. Ghafla tu."

Nangila alivuta pampu. Mvuto mmoja. Miwili. Ndani ya kichupa, mwishoni, ukatokea ukingo wa kahawia, mwembamba kama uzi.

"Fundi," alisema. "Bomba la moshi limefunga. Sumu inarudi ndani."

Gordon aligeuka. Uso wake ulikuwa bado wa mtu anayefikiria, na yale mawazo yalikamilika mbele ya macho ya Nangila.

"Ndiyo hiyo," alisema polepole. "Si kuzima gesi. Ukumbi ukifika ishirini na mbili, kijiboksi hiki kinafunga bomba la moshi. Kuna kilango cha bati huko juu, chenye mota. Ndiyo maana wenzako hawakuona. Waliwasha dakika kumi, ukumbi ulikuwa baridi." Akaja mlangoni. "Nimekwambia. Sasa fungua."

Nangila aliweka mkono juu ya komeo.

Hakulivuta.

"Waya wa hicho kilango uko wapi?"

"Madam, fungua. Nitautafuta mlango ukiwa wazi."

"Nikifungua, joto linashuka, kilango kinafunguka, na sisi hatujui kimefungwa wapi na kwa nini moto hauzimi. Nina saa moja. Tafuta."

"Kichwa kinaniuma!"

"Najua."

Alimtazama akikokota kiti hadi ukutani, chini ya themostati. Alipanda, akaanguka, akapanda tena. Akabandua ubao wa dari kwa bisibisi. Vumbi la miaka thelathini likamwagikia usoni. Mkono ukaingia hadi begani, ukapapasa.

"Upo! Unakwenda kwenye bomba!"

"Kata."

Plaisi ikauma. Waya ukakatika.

"Mvuke umerudi," Mativo alisema redioni.

Gordon alishuka kwa kuteleza. Alitapika kando ya kiti. Kisha akaja mlangoni kwa magoti, akabandika uso kwenye kioo, na kioo kikafunikwa na pumzi yake.

"Tayari, mama. Tayari. Fungua."

Alimwita mama. Alikuwa amemzidi miaka kumi.

Nangila alisikiliza. Nyuma, kwenye chumba cha tanuri, moto ulikuwa bado unanguruma. Gurudumu limewekwa kumi, ukumbi una nyuzi ishirini na nne, na moto haujali. Kulikuwa na kitu cha pili. Kitu kinachoishika gesi isifungwe. Kama angekiacha, na kama Ostrander alikuwa na njia nyingine ya kuziba bomba lile, wazee kumi na tisa wangekufa na mlango ukiwa umefungwa kwa ajili ya siri.

Kichupa kilikuwa cha kahawia hadi nusu. Hewa humo ingechukua muda kusafika.

"Moto bado unawaka," alisema. "Kuna waya mwingine."

Alichokifanya Gordon ni kulia. Si kwa kelele. Alilia kama mtu aliyechoka, kisha akageuka, akaanza kutambaa kufuata ukuta, akipapasa ubao wa chini kwa vidole. Alipita mahali pamoja mara mbili. Mara moja alisahau anatafuta nini, akakaa, akawa anakitazama kiganja chake.

"Ubao wa chini, Gordon. Endelea."

Akaendelea.

Dakika nne. Nangila alizihesabu kwenye Casio yake, sekunde kwa sekunde, mkono wa kushoto umeshika komeo kwa nguvu kiasi kwamba chuma kiliacha alama kiganjani. Angeweza kulivuta wakati wowote. Alilijua hilo wakati ule, na hakujidanganya baadaye.

Akiwa amelala ubavu, fundi aliuchomoa waya mwembamba nyuma ya ubao. Plaisi ilimponyoka. Akaushika tena waya kwa meno, akaung'ata, akauvuta kwa kichwa chote.

Kwenye chumba cha tanuri, moto ulizimika.

Nangila alifungua.

Saa nne na robo wazee kumi na tisa waliketi. Ukumbi ulikuwa umeingizwa hewa safi, sakafu imepigwa deki, ubao umerudishwa darini. Themostati ilibaki ukutani, imekufa, namba zake zikiwakodolea macho. Gordon alikuwa amechukuliwa na gari lisilo na alama.

"Fundi vipi?" Mulwa aliuliza redioni.

"Anapumua."

"Anaongea?"

"Hapana."

"Haya. Yule mzungu niletewe amekamatwa mkono kwenye kazi. Pasipoti yake ni ya kidiplomasia. Tukimchukua barabarani, saa mbili baadaye yuko kwenye ndege, na kesho anaanza upya."

"Atakuja mwenyewe, Mzee."

Alikuwa amelifikiria alipokuwa akingoja dakika zile nne. Kifo kile kilitengenezwa kionekane ajali. Tanuri bovu, wazee wenye bahati mbaya. Basi lazima mtu aje, kabla ya askari na waandishi, akitoe kijiboksi kile na kile kilango cha bati. Na mtu huyo angejuaje kama kazi imefanyika? Kwa kutazama kama mvuke wa bomba la moshi umekatika. Asubuhi ya baridi ulionekana hadi mtaa wa Starehe. Ila mzungu hawezi kukaa Ziwani tangu alfajiri bila watoto kumzunguka. Angefika dakika za mwisho.

"Gari la mafundi wa gesi," Mativo alinong'ona. "Ford Transit, ya buluu. Imesimama upande wa pili. Mmoja tu ndani."

Nangila alikuwa ameketi kwenye debe kando ya tanuri. Themostati haikufanya kazi tena, hivyo themostati ilikuwa yeye. Alitazama kipimajoto, akafungua gesi kwa mkono, akapunguza, akafungua. Nyuzi ishirini. Ishirini na moja. Kupitia ukutani alisikia wazee wakibishana kwa lugha asiyoijua, wakikohoa, wakikoroga sukari.

Saa tano kasoro kumi alifunga gesi kabisa.

"Mvuke umekatika," Mativo alisema.

Wakangoja robo saa. Kisha, "Ameshuka. Ovaroli, begi, kofia. Askari wa getini amempisha kama ulivyosema."

"Zima redio."

Mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa ufunguo. Ostrander alikuwa mtu mkubwa, mwenye nywele za rangi ya mchanga na mikono iliyotunzwa. Kinyago cha gesi kilikuwa kimemfunika uso. Alikwenda moja kwa moja kwenye vali, ili aifunge kabla ya kuingia ukumbini penye maiti.

Aliigusa, akasita.

Ilikuwa imefungwa tayari.

"Toa mkono polepole," Nangila alisema nyuma yake.

Hakutoa polepole. Aligeuka na spana, ikampata Nangila kwenye vidole vya kushoto. Kidole kimoja kililia kama kijiti cha kuni. Mkono wa pili wa Ostrander ulikuwa tayari ndani ya ovaroli, unachomoa bastola ya Walther. Nangila alimpiga goti kwenye kinena, akakamata mpira wa kinyago, akakivuta hadi kichwa kikagonga kona ya tanuri. Mara moja. Mara mbili. Walther ilianguka kwenye zege. Akaisukuma mbali kwa kiatu, akamwekea Browning shavuni.

Kinyago kilikuwa kimekaa upande. Damu ilitiririka kutoka kwenye nyusi.

Kutoka ukumbini, mzee mmoja alisema kitu, na wengine wakacheka.

Ostrander aliusikia mcheko ule. Macho yake yakafumba, yakafumbua.

"Wazima," alisema. Kiswahili chake kilikuwa chepesi, cha mtu aliyekulia Bukavu.

"Wote."

"Akech alikwambia."

"Akech hakujua. Alikitafuta kitego chako akiwa ndani, huku kinamuua."

Ostrander alimtazama vizuri sasa, kwa namna ya mtu anayekutana na mwenzake wa kazi moja. "Ulimfungia."

Nangila alikaza mtutu shavuni pake.

"Basi tunaelewana, mama. Mfuko wa kifuani, pasipoti. Nani alinilipa? Pande zote mbili, kwa bunduki ninazowauzia. Hao wakipatana mimi nitauza nini? Nipeleke kwa mkubwa wako. Tutazungumza, nitaondoka."

Nangila aliitoa pasipoti mwenyewe, kwa mkono uliovunjika kidole, akaifungua. Ilikuwa halali. Akawasha redio.

"Mlima, Kijiti. Nimempata, mkono kwenye vali. Kitabu chake ni kizuri."

Redio ilikwaruza sekunde kumi hivi.

"Nani amemwona akiingia?"

"Watu wetu peke yao."

"Zima."

Ostrander alilielewa neno lile. Akafungua mdomo.

Browning ilikohoa mara mbili. Aliteleza chini kando ya tanuri, miguu ikakwaruza sakafu, ikatulia. Nangila alingoja hadi mkwaruzo ulipokoma. Kisha akatazama kipimajoto. Ukumbi ulikuwa umeshuka hadi kumi na tisa, na upande wa pili mtu alikuwa ameanza kupiga chafya.

Akafungua gesi, akawasha.

Wazee walitia saini mkataba saa tisa alasiri.

Saa kumi na moja alipita hospitali. Mulwa alikuwa amemwagiza ahakikishe jambo moja tu: fundi anakumbuka nini, maana anayekumbuka hangeachwa aende. Kidole kilikuwa kimefungwa kwa plasta na kipande cha ubao. Alikuwa bado amevaa ile sweta ya kijani.

Gordon alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa mito. Mkewe Truphena alikuwa kando, mwanamke mpana wa uso, bado amevaa aproni yenye nyuzi za sufu. Alishona sweta za shule kwa mashine pale Jericho, na walikuja kumwita akiwa kazini. Alikuwa akimlisha uji kwa kijiko.

"Baba Mourine, ni mimi. Truphena. Fungua mdomo."

Gordon alifungua mdomo kwa adabu, kama mgeni. Akameza. Akamtazama mkewe kwa macho ya kutaka kusaidia.

"Asante, dada," alisema.

Truphena aliweka kijiko chini. Akamwona Nangila mlangoni.

"Wewe ni wa baraza? Walisema alianguka kazini, wa baraza watakuja."

"Ndiyo. Pole, mama."

"Daktari anasema hewa mbaya imemla kichwa. Anasema vidole havitashika kitu tena vizuri. Huyu ni fundi, dada. Hakuna kitu kingine anajua." Alijifuta uso kwa aproni. "Hata jina langu hana. Nimemtajia watoto wote, hana. Tangu saa nane ananiita dada."

"Hakumbuki chochote?"

"Hakuna."

Nangila alipiga hatua moja kuingia, amwone karibu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi.

Gordon aliinua macho.

Bakuli la uji lilikwenda sakafuni. Fundi alikuwa amepanda juu ya mito, mgongo ukutani, akimvuta Truphena kwa aproni amweke mbele yake kama ngao. Sauti iliyomtoka haikuwa na maneno. Vidole vyake vilikuwa vikikwaruza ukuta nyuma, chini, chini zaidi, vikipapasa mahali ubao unapokutana na sakafu.

Truphena alimkumbatia kichwa. Kisha, polepole, akageuka kumtazama mgeni.

Alimtazama kwa muda. Sweta. Kidole kilichofungwa. Uso usiosema kitu.

"Anakujua," alisema.

Nangila alirudi hatua moja hadi mlangoni.

"Mimi nimezaa naye watoto watatu, hanijui. Wewe anakujua." Aliinuka. Alikuja hadi mlangoni, karibu kiasi kwamba Nangila alinusa sufu na uji. "Ulimfanya nini?"

Angeweza kumwambia. Wazee kumi na tisa, vita ya miaka sita, vijiji ambavyo msimu huu havingechomwa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lilikuwa lake kulisema.

"Alifanya kazi nzuri sana leo, mama," alisema.

Kofi lilimpata shavuni, zito, la mkono wa kusukuma mashine kutwa nzima. Nesi mmoja alisimama koridoni. Nangila hakuinua mkono. Alirekebisha ukosi wa sweta, akamwinamia Truphena kichwa kwa heshima, akageuka.

Alitembea koridoni bila kuharakisha. Nyuma yake ile sauti ilikuwa bado haijakoma, na mwanamke alikuwa ameanza kumwimbia mumewe kitu kwa Kijaluo, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

Nje, Mativo alikuwa amewasha gari. Redio ilikwaruza kabla hajafunga mlango.

"Kijiti, hapa Mlima. Anakumbuka nini?"

Nangila alijitazama kwenye kioo cha pembeni. Alama za vidole vinne zilikuwa zimeanza kuvimba shavuni.

"Hakumbuki neno, Mzee," alisema. "Mwacheni aende nyumbani."

"Hakika?"

"Hakika."

Akazima redio, akafungua dirisha, baridi ikaingia.

"Twende," alimwambia Mativo.